Bahati Huanza Palepale

Mji wetu uko chini ya maji. Ukisimama juu ya ukuta wa bwawa asubuhi, kabla upepo haujaamka, utaona maji yametulia kama uso wa mtu anayeficha jambo, na hutaamini kwamba huko chini kuna soko, kuna makaburi, kuna mlango wa jikoni kwetu. Nilikuwa na miaka tisa tulipohamishwa. Sasa nina arobaini na minane, na kwa muda mrefu nimetembea na swali ambalo mtu mzima huona haya kulitamka: mahali pakizama, ule muda tulioishi pale huenda wapi? Nao unazama? Au unabaki ukizurura bila pa kukaa, ukitafuta mtu wa kumwingia?

Naitwa Nakiete. Kazi yangu ni kuumba dunia zisizokuwapo. Iko programu ambayo watengenezaji wa michezo ya kompyuta huiita injini. Ndani yake unapewa uwanja mtupu, jua, na uzito wa vitu, kisha unaachiwa uweke unachotaka. Kwa miaka mingi nimewawekea watu wa mbali misitu ya kupigania na barabara za kukimbizana magari. Siku nilipochoka na misitu ya watu, nilifungua uwanja mtupu nikaweka jiwe moja tu, lile la kufulia nyuma ya nyumba namba 61, kwetu. Jiwe lilionekana pweke, nikaliwekea nyumba. Nyumba nayo ikataka mtaa.

Mji mzima ulichukua miaka mitatu. Nilizunguka kwa watu wa kwetu nikiwauliza walikumbuka nini. Hawa waliniambia duka la kona lilikuwa la bluu, wale wakaapa lilikuwa la kijani, nami nikaliacha libadilike kulingana na upande anakosimama mtazamaji. Jua nililifunga mahali pamoja: Jumamosi, saa nne asubuhi. Ukivaa miwani ya kufunika macho, inayokuingiza ndani ya programu, na kutembea humo, kivuli cha mlingoti wa bendera hakisogei hata unywele.

Watu wa kwetu wako sehemu mbili, na hilo lazima nilieleze. Mji ulipohamishwa, nyumba zake mia mbili na kumi na mbili ziligawanywa. Nusu zilipelekwa Mteremkoni, penye chemchemi na migomba. Nusu zilipelekwa Uwandani, penye vumbi jekundu na kisima kimoja cha maji ya chumvi. Hakuna aliyelalamika sana, maana aliyegawa hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta, ya kwanza na ya pekee tuliyowahi kuiona, iliyoletwa katika ofisi ya mji mwaka mmoja kabla ya maji. Mwenyekiti alisimama mlangoni akasema maneno ambayo watu wetu wanayatumia hadi leo kama methali: mashine haina mjomba. Ikapiga kura ya kila nyumba mbele ya macho ya watu, ikachapa, watu wakafunga mizigo. Sisi tuliangukia Uwandani.

Mtu wa kwanza niliyemwingiza katika mji wangu ni mama yangu. Nilimkalisha kwenye kiti chake cha kamba, nikamvisha miwani, nikamshika mkono. Alipita sokoni. Alisimama mbele ya nyumba yetu muda mrefu, akanyoosha mkono hewani kama anayefungua komeo. Kisha akaelekea ofisini, kama alivyokuwa akifanya kila Jumamosi alipokuwa akimpelekea chai rafiki yake, Bi Namkunda, aliyekuwa mpiga mashine. Mimi nilikuwa nikimfuata kwa ajili ya ile kompyuta. Bi Namkunda alikuwa akinipakata na kuniacha nibonyeze, na jina langu likitokea kwenye kioo kwa herufi za kijani.

Mama aliinama juu ya kompyuta niliyoichonga, sanduku la rangi ya maziwa yaliyoganda, lenye kibodi nene. Akabonyeza. Hakikutokea kitu.

"Mbona imelala?" akauliza.

"Hiyo ni sura tu, mama. Haifanyi kazi."

"Ile ilikuwa inapumua," akasema, akavua miwani, akairudisha mkononi mwangu taratibu kama mtu aliyepewa nguo ya marehemu isiyokuwa ya marehemu.

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotarajia. Mashine isiyofikiri ni picha ya mashine, na mimi nilikuwa nimejenga mji wa picha. Siku ile ile nilianza kuiamsha.

Asiyejua kazi hii hudhani ni uchawi, kumbe ni uvumilivu. Kompyuta za zamani zilikuwa na akili ndogo, na hilo ndilo lililonifanya nizipende: unaweza kuiweka akili yote kichwani mwako, kama unavyoweza kuweka nyumba nzima ya babu yako. Nilitengeneza kwanza kumbukumbu yake: visanduku elfu thelathini na mbili vilivyopangwa mstari, kila kimoja kinabeba namba moja ndogo. Kisha nikatengeneza kidole kisichoonekana kinachopita juu ya visanduku hivyo kimoja baada ya kingine, kikisoma namba na kuitii. Namba hii inasema ongeza, hii inasema linganisha, hii inasema ruka nenda kule. Basi. Hayo tu. Kutokana na utiifu huo mdogo unaorudiwa mara laki nyingi, hutokea kitu ambacho ukikitazama haraka utasema kinawaza.

Nilikaa nikijiuliza kama mimi ni tofauti. Nami kuna kidole kinachopita juu yangu, kinasoma yaliyoandikwa siku nyingi, nami naongeza, nalinganisha, naruka. Ndani ya mashine yangu kubwa kuna mji, ndani ya mji kuna ofisi, ndani ya ofisi kuna mashine ndogo. Ile ndogo haijui kwamba jua la nje ya dirisha lake nimelifunga mimi. Nani kalifunga langu?

Miezi kumi na minne ilipita. Kioo kikawaka kijani. Alama ndogo ikaanza kupepesa, ikiwaka na kuzima, na mama alipovaa miwani akasema, "Ehe, hapo sasa." Lakini mashine ilikuwa mwili bila lugha. Ile ya kwetu ilikuwa imefundishwa kupokea amri za Kiswahili. Fundi aliyeileta na Bi Namkunda walikaa wakazitafsiri amri zote, ANDIKA, NENDA, KAMA, BASI, na kitabu chake kilikuwa kimoja tu. Nikapanda Mteremkoni kumtafuta Bi Namkunda.

Sikuwa nimemwona tangu utotoni, ingawa kila mwaka mkungu wa ndizi ulishuka kutoka kwake kuja kwa mama, na mama alikuwa akimtaja katika sala kila jioni baada ya watoto wake. Nilimkuta barazani akipukuchua maharage, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ni wa Mama Nakiete. Una paji lake."

"Ndiye mimi Nakiete mwenyewe."

Akaweka ungo chini. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta, hakuuliza mara mbili. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na kitabu kilichofungwa kwa kanga na daftari lenye jalada gumu. Kitabu kilikuwa cha lugha. Daftari lilikuwa la programu alizozipiga kwa mkono wake: ya orodha ya wanafunzi, ya mvua, mchezo wa kenge anayekimbiza nzi, na ile ya kura.

Nilikaa kwake siku tisa. Asubuhi alinisomea, mimi nikapiga. Alikataa kuniachia daftari lenyewe, alisema mwandiko wake umeshakuwa mbaya na atasoma mwenyewe. Mchana nilimvisha miwani akaingia ofisini. Mara ya kwanza alitazama mikono yake, maana ndani ya mji nilikuwa nimempa mikono ya mpiga mashine wa miaka thelathini na tatu, akaigeuzageuza, viganja juu, viganja chini.

"Hii si yangu," akasema. Kisha baada ya muda, "Hii ndiyo yangu. Ile ya huko nje nimeazimwa."

Alinirekebisha mambo ambayo nisingeyajua. Kiti kilikuwa na mguu mfupi, kilitiwa kipande cha kigae. Herufi ya K ilikuwa imefutika kwa kubonyezwa. Mashine ikipata joto ilitoa harufu kama ya pasi. Nilimwambia harufu siwezi. Akasema, "Basi mimi nitaikumbuka kwa niaba yako." Alipiga mchezo wa kenge mpaka akacheka peke yake. Siku hizo tisa nilikuwa na furaha ambayo sikujua bado ipo duniani, furaha ya kufundishwa na mtu aliyekuwa akinipakata.

Siku ya mwisho alinisomea programu ya kura. Mistari ilihesabiwa kwa makumi, kama ilivyokuwa desturi.

"Kwa nini makumi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Ili ukisahau kitu, upate pa kukichomeka baadaye," akasema. "Kati ya mia na thelathini na mia na arobaini kuna nafasi tisa. Mtu anaweza kusahau mambo tisa." Kisha akasoma, polepole:

100 KWA N = 1 HADI 212
110 B = BAHATI
120 KAMA B < 0.5 BASI M$ = "MTEREMKONI"
130 KAMA B >= 0.5 BASI M$ = "UWANDANI"
140 ANDIKA N, M$
150 NENDA N IFUATAYO

Akafunga daftari. "Ni hiyo tu," akasema. "Mistari sita imegawa watu wote wale."

Nilirudi nyumbani kwangu, nikaiweka lugha ndani ya mashine, nikazipiga programu moja moja. Ya kura niliiacha mwisho. Nilidhani itanipa majibu mapya kila nikiiendesha, kama karata, na kwamba itabidi niilazimishe itoe orodha tunayoijua. Lakini kitabu cha lugha, ukurasa wa arobaini, kilisema hivi: mashine ikiwashwa, bahati huanza palepale.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Maana yake ni rahisi. Mashine ile haikuwa na bahati. Ilikuwa na hesabu moja ndefu: chukua namba, izidishe, ongeza, kata kichwa, bakiza mkia, na ule mkia uite bahati, kisha uuchukue tena uzidishe. Inaonekana kama vurugu, lakini kila ukiizima na kuiwasha inaanza na namba ile ile, na mlolongo ni ule ule hadi mwisho wa dunia. Kwa hiyo kama mashine yangu ilikuwa ya kweli, ilipaswa kutoa orodha ile ile iliyochapwa Jumamosi ya kura, nyumba kwa nyumba.

Ilikuwa alasiri. Nilivaa miwani, nikaketi kwenye kiti cha mguu mfupi, nikaandika ANZA.

Nyumba namba 1, Mteremkoni. Kweli, wale wako Mteremkoni. Namba 2, Uwandani. Kweli. Namba 3, Uwandani. Nilikuwa na orodha ya watu wote, nilikuwa nimewatembelea wote. Nne, tano, sita, zote sawa. Nilianza kulia bila kujua, na miwani ikajaa mvuke. Nilikuwa nimeitoa siku ile chini ya maji ikiwa hai, ikiongea lugha yake, na haikukosea hata nyumba moja, hadi sitini.

Namba 61, nyumba yetu, Mteremkoni.

Niliacha iendelee. Zote sawa, hadi 118, nyumba ya Bi Namkunda. Uwandani. Kisha zote sawa hadi 212.

Nilifikiri nimekosea. Nilitaka kosa liwe langu. Kwa wiki mbili nilipekua visanduku vyote, nikapima kila amri ya kile kidole, nikaandika majaribio mia tatu. Mashine ilikuwa safi. Nikaizima, nikaiwasha, bahati ikaanza palepale. Sitini na moja, Mteremkoni. Mia na kumi na nane, Uwandani. Kati ya nyumba mia mbili na kumi na mbili, mia mbili na kumi zilikwenda zilikopelekwa na hesabu. Mbili zilibadilishana.

Katika siku hizo nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilijenga Mteremkoni ndani ya injini, kipande kidogo tu, na penye kiwanja cha Bi Namkunda nikaweka nyumba yetu. Nikaingia. Chemchemi ilikuwa ikisikika nyuma. Nilimtafuta Nakiete aliyekulia pale, asiyebeba ndoo, asiyejua ladha ya chai ya chumvi, ambaye baba yake labda hakuondoka kutafuta kazi mbali na kutorudi. Nilikaa mlangoni nikimngoja atoke. Yule angekuwa nani? Asingejenga mji, hilo nina hakika. Watu wa Mteremkoni hawakuuhitaji sana mji wa zamani. Sisi wa Uwandani ndio tuliokaa kwenye upepo tukiusimuliana mpaka ukawa na kuta. Huyo mwenzangu aliyenyimwa mimi, au mimi niliyenyimwa yeye: mmoja wetu ni wa hesabu na mmoja ni wa mkono wa mtu. Na ajabu ni hii: wa mkono wa mtu ni mimi. Wote wengine walitupwa na mkia wa namba. Mimi peke yangu, na mama, tulichaguliwa.

Nilipanda tena Mteremkoni. Bi Namkunda alikuwa barazani pale pale. Nilipomsalimia hakuniuliza habari za safari.

"Umeiendesha," akasema.

"Nimeiendesha."

"Na umehesabu."

"Nimehesabu mara mbili mbili, mama. Nilidhani nimekosea mimi."

Akavuta kiti, nikakaa. Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti. Alhamisi kabla ya kura aliijaribu programu, peke yake, ofisini. Akaiona nyumba yake ikienda Uwandani. Akazima mashine, akaiwasha, akaendesha tena. Ikawa vile vile. Ijumaa ikawa vile vile. Hapo akaelewa kwamba Jumamosi, mbele ya watu wote, itakuwa vile vile.

"Nikachomeka mistari miwili," akasema. "Mia na thelathini na mbili, na mia na thelathini na nne. Moja ya kwenu, moja ya kwangu, ili idadi ya Mteremkoni na ya Uwandani isibadilike."

"Kwa ajili ya Niwaeli?" Niwaeli ni binti yake, rika langu, na nilikumbuka alivyokuwa akihema kama filimbi.

"Ningeweza kusema ni kifua cha Niwaeli. Kilikuwa kibaya kweli, na vumbi la kule lingemmaliza. Lakini wewe umenijengea ofisi yangu, sitakudanganya ndani yake. Niliogopa mwenyewe. Nilienda kule na mwenyekiti kupima viwanja, nikaona ile nchi. Niliogopa."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya baraza. Niliuliza lile nililokuwa nimelibeba njia nzima.

"Kulikuwa na nyumba mia na zaidi za Mteremkoni. Kwa nini sisi?"

Akasema, "Nilipitia orodha yote, nyumba kwa nyumba, nikimtafuta mtu ambaye hata siku akijua, hatanichukia. Nikampata mmoja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na kwa machozi, lakini si kwa hilo.

"Na mistari hiyo hukunisomea," nikasema.

"Sikukusomea. Iko hapa." Alifungua daftari, akanionyesha: wino wa rangi nyingine, umebanwa kati ya mistari. "Mdomo ulikataa, mwanangu. Lakini nilijua mashine itasema. Ukaja kuomba lugha yake, nikasema, haya, na iseme."

Nilishuka Uwandani nikamweleza mama. Alikuwa akichambua mchicha. Aliendelea kuchambua hadi nikamaliza, kisha akaendelea hadi mchicha ukaisha.

"Miaka thelathini na tisa," akasema, "nimemwombea yule kila siku. Nikisema, Mungu, mwenzangu yuko mbali nami, mlinde." Akakung'uta majani mapajani. "Na ndizi zake nimekula."

Nilimuuliza kama nifute kila kitu, nirudishe mashine iwe ya kuchonga tu. Alinitazama kama aliyesikia upumbavu.

"Umeshaiamsha. Waite watu waje waione. Na yeye aje."

Watu walikuja Jumamosi moja katika ukumbi wa shule ya Uwandani, wa kule na wa huku. Nilitundika shuka jeupe ukutani ili kila mtu aone anachokiona aliyevaa miwani. Waliuona mji. Wapo waliolitambua duka na kubishana rangi yake papo hapo, yupo mzee aliyeomba apelekwe kanisani akae tu kwenye benchi la tatu. Asubuhi nzima ukumbi ulikuwa na minong'ono ya watu wanaoitana kwa majina ya mitaa isiyokuwapo. Kisha Bi Namkunda akasimama, akavaa miwani, akaenda ofisini. Kwenye shuka tukaiona mikono yake ya ujana ikishuka juu ya kibodi.

Hakutoa hotuba. Aliendesha programu kama alivyonisomea, mistari sita, na orodha ikapanda kijani hadi mwisho. Kisha akasema, "Hii ndiyo iliyokuwa kweli ya mashine." Akapiga mistari yake miwili, moja moja, K ile iliyofutika akiipata bila kutafuta. Akazima, akawasha, akaendesha tena. "Na hii ndiyo mliyoiona. Namba sitini na moja na namba mia na kumi na nane. Ni mimi."

Watu waligeuka kumtafuta mama, aliyekuwa mstari wa mbele na mkoba wake magotini. Alinyanyuka. Bi Namkunda alikuwa amevua miwani, na mikono yake sasa ilikuwa ile ya kuazimwa.

"Namkunda," mama akasema, "ungeniomba."

"Ungekubali?"

Mama alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, si kwa kuwaonyesha watu.

"Sijui," akasema. "Hicho ndicho ulichoninyima. Vumbi nimelizoea, maji ya chumvi nimeyazoea. Lakini sitajua kamwe kama mimi ni mtu ambaye angekubali."

Mtu mmoja wa Mteremkoni aliuliza kutoka nyuma ni programu ipi basi itakayobaki katika mashine, yenye mistari miwili au isiyo nayo. Wote wakanitazama mimi, nami nikamtazama mama.

"Yenye mistari," akasema. "Tuliishi ndani ya hiyo."

Nikaihifadhi hivyo, mbele yao, na iko hivyo hadi leo. Anayeingia akiandika ORODHA ataiona, wino wa rangi moja na mingine yote, maana kioo cha kijani hakijui kutofautisha.

Watu walipotawanyika kwenda kula, nilimtafuta mama ukumbini nisimwone. Nilitoka nje. Upepo wa Uwandani ulikuwa umeanza, na vumbi lilikuwa limefika magotini. Alikuwa amekwisha kushika njia ya nyumbani, kitambaa kimefungwa puani. Nyuma yake, hatua kama kumi, alikuwa Bi Namkunda, ameshika kanga yake kwa mikono miwili, akikohoa, akikanyaga kwa shaka kama mgeni katika ardhi aliyopangiwa. Nilitaka kuwakimbilia, nikajizuia. Mama hakugeuka kumtazama. Hakumngoja. Lakini namfahamu mama yangu na mwendo wake, na siku ile alikuwa akitembea polepole.